Mwalimu Chikoya na Safu Mbili za Andalio la Somo: Tahakiki ya Maandalizi ya Walimu Wapya wa Kiswahili kwa Shule za Sekondari za Jijini Dar es Salaam

1.0 Utangulizi

Mwalimu Chikoya hakai sana katika riwaya ya Emmanuel Mbogo, Watoto wa Mama Ntilie (2002). Anawaondoa shuleni Peter na Zita kwa kukosa ada na sare, kisha msimulizi anamwacha na kuwafuata watoto hao mitaani hadi jalalani, pamoja na watoto wengine wa jiji. Katika vitabu vya miongozo, na katika majibu ya watahiniwa wanaovikariri, Chikoya humalizwa kwa sentensi moja: ni mwalimu katili asiyejali shida za wanafunzi wake. Tahakiki hii inaanzia kwenye sentensi hiyo, kwa kuwa haimtendei haki mhusika na, lililo baya zaidi, inamliwaza msomaji aliye mwalimu. Ukatili ni tabia ya mtu binafsi. Mwalimu mpya akisoma kwamba Chikoya ni katili hujiambia kwamba yeye si katili, na suala huishia hapo.

Chikoya anaweza kusomwa kwa namna nyingine. Mbele yake kuna orodha, kuna masharti, na kuna majina yasiyotimiza masharti. Anachokifanya ni kuoanisha orodha na masharti hayo. Kazi hiyo haimlazimu kumjua Mama Ntilie anayeuza chakula ili watoto wale, wala Mzee Lomolomo ambaye ulevi wake unaila nyumba ileile. Akiifanya vizuri, kwa maana ya kutomruka hata mmoja, anaweza kurudi nyumbani akiamini kwamba ametimiza wajibu. Kwa usomaji huu, Chikoya ni mtendaji aliyefundishwa kujaza orodha bila kufundishwa kuisoma.

Hoja ninayoitetea ni kwamba maandalizi ya walimu wapya wa Kiswahili wanaokwenda kufundisha katika sekondari za Dar es Salaam yanazalisha hali hiyohiyo, na kwamba riwaya wanayokwenda kuifundisha ilikuwa mikononi mwao kama kitabu cha kuwaandaa, nayo ikageuzwa kuwa hifadhi ya dhamira. Ili kuonesha hilo, ninasoma matini mbili kwa pamoja: riwaya yenyewe, na fomu ya andalio la somo ambayo kila mwanachuo huijaza kabla ya kuingia darasani. Fomu nayo ni matini. Ina msimulizi wake, ina wahusika inaowataja na inaowaficha, na ina mahali inapofumba jicho.

2.0 Jiji ambalo mafunzo hayalitaji

Mjadala wa walimu nchini Tanzania, kwa sababu zinazoeleweka, umeelekea vijijini. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) ulipoanza mwaka 2004, na shule za kata zilipoenea katika miaka iliyofuata, kilio kilikuwa cha shule zisizo na walimu wa kutosha, nyumba za walimu, umeme au barabara. Mwalimu aliyepangiwa Dar es Salaam alihesabiwa kuwa mwenye bahati, na mwenye bahati haandaliwi. Ndiyo maana mwanachuo anaweza kumaliza kozi za saikolojia ya elimu, falsafa ya elimu, mitaala na mbinu za kufundishia Kiswahili bila kukutana na mada inayomuuliza darasa la mjini lina sura gani. Hata Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam, kilichoanzishwa mwaka 2005, kipo Chang'ombe, ndani ya jiji kabisa. Mwanachuo wa hapo hupishana na wanafunzi wa sekondari kituoni kila asubuhi. Kuwaona kituoni, hata hivyo, bado si kujifunza kuwafundisha.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam, kutoka 4,364,541 mwaka 2012. Ongezeko la watu wapatao milioni moja katika miaka kumi halitui sawasawa. Linakwenda pembezoni, kule ambako viwanja ni vya bei nafuu na vyumba vya kupanga ni vipya, na shule za sekondari za huko hupokea watoto ambao familia zao zimehama mara mbili au tatu. Shule nyingi ni za kutwa. Mwanafunzi hutegemea daladala, na nauli yake ni ndogo kuliko ya mtu mzima, jambo linalomfanya kondakta amtazame kama siti iliyopotea. Anayefahamu vituo vya jiji saa kumi na mbili asubuhi hahitaji kuelezwa zaidi.

Mwalimu mpya naye yumo katika hali hiyohiyo. Anaanza kazi akitakiwa na mwenye nyumba kodi ya miezi sita kwa mkupuo, kabla mshahara wake wa kwanza haujaingia. Anapanga mbali na shule kwa sababu karibu na shule ni ghali, au analala kwa ndugu. Anapanda daladala ileile aliyokataliwa mwanafunzi wake. Wote wawili huchelewa, lakini mmoja wao ndiye anayepigishwa magoti getini.

Hapa ndipo ninapotofautiana na baadhi ya maandiko ya Marekani kuhusu walimu wa mijini, ambayo watafiti wetu huyanukuu kwa wepesi. Martin Haberman (1991) alieleza kile alichokiita ufundishaji wa umaskini: mwalimu anatoa taarifa, anauliza, anaelekeza, anagawa kazi, anasahihisha, anaadhibu, na mzunguko huo wa vitendo unakubaliwa kuwa ndiyo kufundisha. Maelezo hayo yanafanana mno na madarasa yetu, na sioni haja ya kuyakataa. Lakini mijadala ya huko mara nyingi humchukulia mwalimu kuwa mgeni wa mtaa, mtu wa tabaka jingine anayevuka mpaka kila asubuhi na kurudi kwao jioni. Mwalimu mpya wa Dar es Salaam havuki mpaka wa namna hiyo. Huenda amepanga chumba katika ua mmoja na mwanafunzi wake, wakichota maji kwenye bomba moja. Kinachomtenga na mwanafunzi wake ni ile namna aliyofundishwa ya kuangalia akishavaa shati la kazi.

Dan Lortie (1975) alikwisha kueleza sehemu ya jambo hili aliposema kwamba walimu huwa wamekaa miaka mingi wakiwatazama walimu wao kabla ya kufika chuoni, na kwamba utazamaji huo huwafunza ualimu kwa nguvu kuliko chuo. Mwanachuo wetu aliwahi kusimamishwa dirishani kwa ajili ya michango. Alimwona Chikoya wake. Chuo kisipompa nafasi ya kumrudia mwalimu huyo na kumhakiki, atamrithi.

3.0 Andalio la somo kama matini

Juu ya kila andalio la somo kuna jedwali dogo: tarehe, kidato, kipindi, muda, na idadi ya wanafunzi. Sehemu ya idadi ina safu mbili, walioandikishwa na waliohudhuria, kila moja ikigawanywa kwa wasichana, wavulana na jumla. Chini yake hufuata umahiri, lengo, zana na vitabu vya rejea, kisha jedwali kubwa la hatua za somo: utangulizi, maarifa mapya, kuimarisha maarifa, tafakuri na hitimisho, kila hatua ikiwa na dakika zake, kitendo cha mwalimu na kitendo cha mwanafunzi. Mwishoni kuna nafasi ya tathmini na maoni.

Sifa ya fomu hii ni kwamba inamlazimisha mwalimu afikiri kabla ya kusema, na sikubaliani na wanaoidharau kama karatasi ya kumridhisha mkaguzi. Lakini itazamwe kwa makini. Katika ukurasa mzima, mahali pekee ambapo jiji linaingia ni zile safu mbili za mwanzo. Tofauti kati ya walioandikishwa na waliohudhuria ni nauli, ni mama anayehitaji mtu wa kuosha sahani, ni mdogo mgonjwa, ni mvua iliyofunga njia ya bondeni, ni mimba, ni kazi ya kubeba mizigo sokoni. Yote hayo hubanwa ndani ya namba moja ambayo hata haiandikwi. Ni lazima msomaji atoe mwenyewe ili aipate. Baada ya hapo fomu haiwataji tena wasiokuwepo. Kitendo cha mwanafunzi katika jedwali kubwa ni kitendo cha aliyehudhuria. Tathmini ni ya aliyehudhuria. Kesho yake somo linaendelea kutoka pale lilipoishia, kana kwamba wote walikuwapo.

Mazoezi ya awali chuoni huongeza upofu huu bila kukusudia. Wanachuo hufundishana wao kwa wao kwa dakika chache, baadhi wakijifanya wanafunzi. Katika darasa hilo la kuigiza kila mmoja ana kalamu, kila mmoja amekunywa chai, kila mmoja analijua jibu na anajizuia kwa adabu kulisema mapema. Safu mbili zinalingana daima. Mwanachuo hutoka hapo akiwa amepimwa sauti, mwandiko wa ubaoni, matumizi ya zana na mgawanyo wa muda, ambavyo vyote ni stadi za kweli. Hajawahi kupimwa kama anaweza kulifundisha darasa ambalo theluthi yake haikusikia somo la jana.

4.0 Swali la mtaji

Nitaeleza kipindi kimoja nilichokisimamia katika shule ya kutwa pembezoni mwa jiji. Shule siitaji, na tukio hili silileti kama data ya utafiti. Ni kumbukumbu ya msimamizi, na thamani yake ni ile ya mfano.

Mwanachuo alikuwa kijana kutoka Kanda ya Ziwa, mwenye maandalizi mazuri. Kidato cha Tatu, kipindi cha mchana, Watoto wa Mama Ntilie. Alikuwa ameandika ubaoni neno dhamira, na chini yake, kwa msaada wa darasa, ulevi, umaskini, malezi na nafasi ya mwanamke. Matamshi yake yalichekwa mara mbili, kwa kicheko kile cha watoto wa mjini kisicho na uadui mwingi lakini kinachouma. Alivumilia. (Hili nalo halimo katika kozi yoyote ninayoifahamu. Mwalimu wa Kiswahili anayekuja Dar es Salaam huwafundisha Kiswahili watoto wanaoamini kwamba lugha ni yao na yeye ni mgeni ndani yake. Reuster-Jahn na Kießling (2006) wameichambua lugha ya mitaani kama rejesta yenye ubunifu na kanuni zake. Kwa mwanachuo wetu, lugha hiyo huwa ni makosa ya kusahihishwa au ni kejeli ya kuogopwa, na vyote viwili humnyima fursa ya kuitumia kufundishia rejesta, mada iliyomo katika muhtasari wake mwenyewe.)

Kisha msichana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. “Mwalimu, samahani. Huyo mama, hela ya mtaji alikuwa anaificha wapi, na mume ndiyo yule?”

Darasa likacheka, safari hii kwa kuelewa. Mwanachuo akatabasamu, akasema swali ni zuri, ila warudi kwenye dhamira. Akageukia ubao na kuandika: ujumbe.

Nimelifikiria swali hilo mara nyingi kuliko tahakiki kadhaa nilizozisoma kuhusu riwaya hii. Ni swali la mtu anayeifahamu biashara ya chakula kutoka ndani. Anajua kwamba mama ntilie wa leo anaishi kwa pesa ya jana: mchele, mafuta na mkaa wa kesho vimo ndani ya mauzo ya leo, na siku pesa hiyo ikichukuliwa, kesho hakuna sufuria jikoni. Katika chumba kimoja hakuna mahali pa kuficha. Ndiyo maana wanawake wa jiji hucheza upatu na kumwachia kijumbe pesa, maana pesa iliyo mikononi mwa kijumbe haiwezi kuombwa na mume mlevi usiku wa manane. Msichana yule alikuwa anamsoma Mzee Lomolomo kama tishio kwa mtaji, na usomaji huo unafika mbali kuliko ulevi kama dhamira. Unaeleza kwa nini ada ya watoto haikuwapo pale Chikoya alipoidai. Unaunganisha nyumba, barabara na shule kwa uzi mmoja wa pesa unaokatika mahali fulani, nao unamtaka msomaji aseme ni wapi.

Louise Rosenblatt (1938) alishikilia kwamba maana ya kazi ya fasihi hutokea pale msomaji anapokutana na matini akiwa na maisha yake. Wanachuo wetu wanaijua nadharia ya upokezi; wanaweza kuifafanua katika mtihani. Kitabu cha Njogu na Chimerah, Ufundishaji wa Fasihi: Nadharia na Mbinu (1999), kimekuwapo kwa muda mrefu kikikutanisha nadharia na darasa kwa Kiswahili. Kinachokosekana ni mahali ambapo mwanachuo anafanyiwa zoezi la kulipokea swali asilolitarajia. Lee Shulman (1986) alitofautisha kulijua somo na kujua namna somo hilo linavyofundishika kwa wanafunzi fulani. Mwanachuo wetu aliijua riwaya. Hakujua kwamba mbele yake ameketi mtaalamu wa mtaji wa mama ntilie, na kwamba kazi yake kwa dakika zile ilikuwa kukaa chini na kumsikiliza.

Baada ya kipindi tuliketi chini ya mwembe. Nilimwuliza, “Mwalimu, waliokosekana leo wako wapi?” Katika andalio lake pengo la safu mbili lilizidi kumi.

“Ni watoro tu, Madam. Wamezoea.”

Tukamwita kiranja wa darasa. Alituhesabia bila kusoma popote. Huyu yuko hospitali na mdogo wake. Huyu anamsaidia mama yake gengeni. Hawa wawili walikosa gari asubuhi, wakaona heri kurudi nyumbani kuliko kupita getini. Huyu ameitwa kibarua. Na huyu, alisema akishusha sauti, haji tena.

Taarifa zote zilikuwamo darasani tangu asubuhi. Hakuna aliyeziuliza, na fomu haikuwa na mahali pa kuziweka.

5.0 Pingamizi la hoja tatu

Mtahini wa kazi hii atauliza, na ana haki ya kuuliza: je, si anasa hii? Mtihani wa Kidato cha Nne kwa miaka mingi umewataka watahiniwa wachague vitabu viwili kutoka katika orodha iliyochapishwa kwenye karatasi ya maswali na kutoa hoja tatu kutoka katika kila kitabu. Mwalimu anayetumia kipindi kujadili upatu, huku wanafunzi hawana hoja tatu, anawadhulumu. Tena anawadhulumu zaidi walio maskini, kwa sababu mtoto wa mwenye uwezo atanunuliwa masomo ya ziada jioni, na mtoto wa mama ntilie ana mwalimu huyo mmoja tu.

Pingamizi hili ni zito, na wanaolipuuza kwa kuilaani mitihani hawajawahi kumtazama mwanafunzi akisoma matokeo yake kwenye simu ya kuazima. Silijibu kwa kusema mtihani hauna maana. Jibu langu ni kwamba swali la mtaji linazaa hoja kuliko ubao ulioandikwa dhamira. Nafasi ya mwanamke: anazalisha pesa bila kuwa na uwezo wa kuilinda. Mgogoro wa kiuchumi: uko ndani ya ndoa kabla haujafika barabarani. Elimu: shule inadai pesa kwa utaratibu usiojua pesa hiyo inapatikanaje. Hizo ni tatu, na kila moja inabeba mfano wake kutoka katika matini, jambo ambalo majibu ya kukariri hulikosa mara kwa mara: mtahiniwa hutaja ulevi, kisha hana tukio la kuushikilia. Kufundisha kwa kufuata swali la mwanafunzi kunahitaji mwalimu anayeijua riwaya vizuri kuliko mwongozo wake. Hilo ndilo jambo gumu, na linawezekana kufundishwa chuoni.

Kuna pingamizi la pili, dogo zaidi, ambalo nimelisikia kutoka kwa wanachuo wenyewe: kwamba riwaya imepitwa na wakati. Ilichapishwa mwaka 2002, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ukiwa ndiyo unaanza, na tangu Januari 2016 ada imeondolewa hadi Kidato cha Nne. Chikoya, wanasema, hana tena cha kudai. Ni kweli kwamba kuondolewa kwa ada kuliwaleta darasani watoto wengi ambao wasingefika, na anayelidogosha jambo hilo hajui lilivyokuwa kabla. Lakini pengo la safu mbili halikufungwa na waraka. Ada ilipoondoka, mengine yalibaki: nauli ya kwenda na kurudi, sare na viatu, daftari, chakula cha mchana, na thamani ya mikono ya mtoto katika biashara ya nyumbani. Mwanafunzi wa leo hafukuzwi kwa jina lake kusomwa mbele ya wenzake. Huacha kuja polepole, siku moja katika wiki, kisha mbili, na mwalimu anaandika namba. Chikoya wa sasa hahitaji kusema neno.

Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea (1967), aliikosoa shule inayomtenga mtoto na jamii iliyomlea na kumfanya adhani kwamba maarifa yote yamo vitabuni au kwa waliosoma. Jamii aliyokuwa akiizungumzia ilikuwa ya wakulima, na shule aliyoipendekeza ilikuwa na shamba. Kwa sekondari za Dar es Salaam tulibaki na maneno bila kitu cha kuweka badala ya shamba. Nathubutu kusema kwamba genge, kituo cha daladala na jiko la mama ntilie vingefaa kushika nafasi hiyo: mahali pa maarifa ambayo mwanafunzi anayo na mwalimu hana.

6.0 Msimamizi na fomu yake

Ni rahisi kumlaumu mwanachuo, na baadhi ya ripoti za mazoezi ya kufundisha hufanya hivyo kwa ukurasa mzima. Lakini mwanachuo hujifunza kutokana na kinachopimwa. Fomu ya msimamizi hupima andalio, utangulizi, umilisi wa mada, zana, sauti, matumizi ya ubao, udhibiti wa darasa na mwonekano. Siku ile, kabla sijamwita kiranja, nilikuwa nimekwisha kumpa mwanachuo yule alama kamili katika kipengele cha ukamilifu wa andalio, kwa sababu safu zote mbili zilikuwa zimejazwa. Nilimpa alama nzuri pia kwa udhibiti wa darasa. Ushahidi wangu ulikuwa kwamba aliwarudisha wanafunzi kwenye mada baada ya swali la msichana. Kwa maneno mengine, nilimlipa kwa kosa ambalo leo ninalihakiki. Katika nafasi ya tathmini alikuwa ameandika, kwa wino tofauti na ule wa mchana, kwamba wanafunzi wengi wameelewa somo. Msimamizi yeyote anaijua sentensi hiyo na anajua huandikwa lini. Nilitia saini chini yake.

Mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023, ulioanza kutekelezwa Januari 2024, unasisitiza ujenzi wa umahiri, na vyuo vinarekebisha kozi zao kuufuata. Nafasi ya kurekebisha mazoezi ya kufundisha ipo sasa kuliko miaka kumi iliyopita. Ninachokipendekeza hakihitaji bajeti. Wiki ya kwanza ya mazoezi mwanachuo asifundishe. Asafiri na wanafunzi asubuhi, akae na kiranja, ajue pengo la darasa lake kwa majina. Katika kozi ya mbinu, riwaya ya jiji isomwe kwanza kwa swali la mwalimu: Chikoya alipaswa kujua nini asubuhi ile, na angelijua kwa nani? Wanachuo wanapofundishana wenyewe, baadhi yao wapewe kazi ya kutokuwepo, na kesho yake warudi. Na msimamizi auulize mstari wa safu mbili kabla hajaketi nyuma ya darasa. Hatari ya mapendekezo haya naiona: majina na sababu za utoro vinaweza kugeuka rejesta nyingine ya kuwaaibishia watoto, na mwanachuo ni lazima afundishwe kutunza siri ya mwanafunzi kwa uzito uleule anaofundishwa kutunza karatasi za mtihani.

Nilirudi katika shule ile kwa ziara ya pili kabla mazoezi hayajaisha. Mwanachuo alikuwa bado anachekwa matamshi yake, ila safari hii alicheka nao. Andalio lake lilikuwa na jedwali lilelile. Chini ya safu mbili, kwa penseli, alikuwa ameandika herufi za mwanzo za majina tisa, na mbele ya kila moja neno moja au mawili: gengeni, nauli, amerudi, sijui. Mwanzoni mwa kipindi aliwapa waliorudi dakika tano wakae na wenzao waliohudhuria jana, wasimuliwe somo. Nilitafuta katika fomu yangu kipengele cha kumpa alama kwa hilo. Hakikuwapo. Nikaandika kwenye maoni mengineyo, ambayo yametengewa mistari miwili.